Hakuna Dera la Frisaizi

Tarehe 23 Disemba, saa nane mchana, jua limesimama utosini, aliingia kibandani kwangu hapa Mombasa dada mmoja wa kutoka bara. Alikuwa ameshuka treni Miritini, akapitia Barabara ya Biashara kabla hata ya kuiona hoteli yake, na begi la magurudumu analiburura nyuma. Alitoa madera matatu kwenye mfuko, akalikung'uta moja mbele yangu, akasema: "Madam fundi, hii si ni frisaizi, ya kuingia mtu yeyote? Wewe nitolee tu hii kitambaa imezidi kwa kiuno."

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Ndiyo bahati yake.

Alikuwa wa sita wiki hiyo. Na si watu wa bara peke yao, msije mkanisingizia. Hata wa hapa hapa, wa Kuze na Majengo, waliozaliwa wakayakuta madera kwenye kamba ya nguo, huniambia neno lile lile: "Ah, dera nalo lina kipimo? Dera ni kuingiza kichwa tu." Basi nimekaa usiku huu, cherehani imepumzika, niliandike jambo hili mara moja, nami mwakani nitakuwa nawaelekeza watu hapa badala ya kumeza pini.

Gauni la kubana linashikwa na mwili mahali pengi. Kifua kinalishika, kiuno kinalishika, nyonga nazo zinalishika. Fundi akikosea bega, kiuno kitamsitiri. Dera lina mahali pamoja tu pa kushika, shingoni na mabegani, na kitambaa chote kile kimetundikwa hapo kama tanga kwenye foromali. Ukikosea hapo huna pa kukimbilia. Kwa hiyo mnaposema dera halina kipimo kwa sababu ni pana, mnanitia wazimu, maana upana wenyewe ndio unaofanya vipimo vichache vilivyobaki viwe vigumu.

Tuanze na shingo, na hapa mnivumilie, nitakaa.

Dera la dukani hukatwa hivi: vitambaa vinapangwa tabaka juu ya tabaka, vimekunjwa pale yatakapokuwa mabega, halafu shingo inachimbwa kwa mkupuo mmoja. Anayekata ana haraka. Anachimba duara, mbele na nyuma karibu sawa, kama anayetoboa tundu la mtungi. Sasa jitazame kwenye kioo, ubavu ubavu. Shingo yako haikuota katikati ya mabega kama mnazi katikati ya uwanja. Imeinamia mbele. Shingo ya nguo kwa nyuma inataka kuchimbwa kidogo mno, inchi moja, pengine hata haifiki. Ya mbele ndiyo unayoiteremsha, inchi tatu, nne, kutegemea mtu na haya zake. Zikichimbwa sawa, dera lote linateleza kuelekea mgongoni. Mbele linakukaba koo, nyuma linaburura, na kutwa nzima uko kazini kulivuta.

Nendeni Lighthouse jioni ya sikukuu mkatazame. Wanawake wamependeza, wana kachiri za muhogo mkono mmoja, bahari iko pale, na mkono wa pili kila baada ya hatua kumi unakwenda kifuani kulivuta dera chini. Wanadhani ni upepo. Si upepo, ni shingo. Mimi hukaa pale na mume wangu, naye hunikanya nisiwanyooshee watu kidole.

Mabega ni kesi nyingine. Kitambaa kilichokunjwa kina mstari ulionyooka, na mabega ya watu wengi yameteremka. Ule mteremko usiposhonwa, kitambaa kinachobaki kinashuka na kukusanyika kwapani, linatokea furushi ambalo wenyewe mnaliita "nimenenepa". Hujanenepa. Mshono mmoja wa mshazari begani, inchi moja na nusu kwenye ncha, na furushi limekwenda zake.

Ila hapa nakiri. Vitabu vya ushonaji vinasema pima bega kutoka shingoni hadi kwenye mfupa, andika, kata. Vyema. Havisemi ufanye nini na mwanamke aliyebeba ndoo, halafu watoto, halafu mkoba wa kazini, miaka ishirini bega lile lile, na sasa moja liko chini ya mwenzake. Nikishona kwa kufuata mwili wake, dera likiwa mkononi linaonekana limepinda, na mteja ananirudishia. Nikishona sawa, linapinda akilivaa. Nimejaribu kuweka kipande cha sponji upande ulioshuka. Kwa joto letu hili kinaloa jasho na kuwa mzigo. Sijapata jibu. Hukisia kwa kiganja, nikaomba Mungu.

Urefu, upesi upesi: kifua hula urefu wa mbele, makalio hula urefu wa nyuma. Basi pindo halipimwi nguo ikiwa mezani. Linapimwa umesimama, na viatu utakavyovaa siku yenyewe, na sidiria utakayovaa siku yenyewe. Na kama utajifunga leso kiunoni, jifunge wakati wa kupima, maana leso inapandisha dera inchi mbili na kuendelea. Mtu akinijia na ndara za msalani kisha sikukuu akavaa viatu virefu, asinipigie simu.

Sasa kiuno, alichokitaka yule dada. Disemba ni kaskazi. Nyuzijoto 32, hewa nzito kama uji. Dera lilitufaa pwani kwa sababu ukitembea linapepea, kila hatua inasukuma hewa ya moto ipande itokee shingoni na mikononi, mpya ikiingia chini. Ni upepeo uliouvaa. Ukilipunguza kiuno umeziba njia ya hewa, na umebaki na gauni la kubana lililokatwa vibaya. Mtu akitaka gauni la kubana nitamshonea, tena kwa furaha, naweza kushona. Lakini si kwa kulichinja dera.

Kitambaa nacho kinasemwa "pamba" na kila muuza duka. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Ukiona kidonge, jua unanunua joto. Pamba nayo ina kasoro yake, hurudi. Ifue kabla ya kuileta kwa fundi. Reyoni inaanguka vizuri mwilini kuliko zote, nami naipenda, ila ikiloa maji inakuwa dhaifu, usiikamue kama unakamua tui.

Na shumizi, jamani. Wasomali wanavaa dirac, gauni lao pana na jepesi, na ndani wana gorgorad, shumizi ya kueleweka, ya kuonekana ukingo, ya fahari. Sisi tumependa wepesi wa kitambaa, shumizi tukaona ni gharama. Halafu mtu anasimama mlangoni mwangu, jua nyuma yake, na mimi najua mambo yake ambayo hata daktari hajayajua.

Wengine hununua doti ya leso, wanataka gauni lishonwe "vivyo hivyo tu". Leso ina pindo, ina mji, ndio uwanja wake wa katikati, ina jina, ndiyo yale maneno yaliyoandikwa, na jina lina upande wake wa kukaa. Niliwahi kuletewa gauni la leso lililoshonwa kwingine, limeandikwa MGENI NJOO MWENY, sentensi ikaingia kwenye mshono wa ubavuni isitoke tena. Mwenyeji hakupona.

Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017, Disemba yangu imekuwa ya wageni. Zamani mwaka wangu ulikuwa na kilele kimoja, Idi. Sasa kuna viwili na havifanani hata kidogo. Mteja wa Disemba anataka dera la picha: rangi ikae vizuri na bahari, leo hii, kesho anapanda treni. Akifika kwake nadhani linakuwa nguo ya kulalia. Mteja wa Idi anataka nguo ya kutazamwa na mashemeji. Atanijia mara tatu kujaribu. Atanong'ona nisimshonee jirani yake mshono huo. Atanusa udi wa kwangu na kusema wa kwake ni mzuri zaidi.

Nikiwa msichana nilikuwa nikikata nyuzi kwa shangazi yangu, aliyenifundisha kazi, na mwaka 2000 Idi ya Mfungo Mosi, ile ya baada ya Ramadhani, iliangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Nakumbuka alivyolala juu ya meza, tepu shingoni, marinda ya mtu yakiwa mto. Idi husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo msimu ule unarudi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Wengine wanasubiri baraka maradufu. Mimi nami nazisubiri, na huku nahesabu mafundi wa kuwaazima.

Watu huniuliza mimi mwenyewe navaa nini. Mwanamke wa mjini, kibanda kimejaa vitambaa, lazima kabati langu lifunge kwa goti. Nina madera matano. Mawili ya kazini, yana alama za chaki zisizotoka. Mawili ya kutokea. Moja la kijani la pamba, shingo nimelishona kwa mkono, hilo ni la Idi, na ni la mwaka wa nne sasa. Juu yake buibui, maana nikitoka mtaani watu hawalioni hilo la kijani, na sijali, mimi najua lipo. Kikuba cha asumini na rehani kifuani. Kila mwaka naapa nitajishonea jipya, na kila mwaka usiku wa kuamkia Idi saa nane niko napindia nguo ya mtu aliyesahau kunijia mapema. Zamani ilinikera. Siku hizi naona lile la kijani limelainika kwa kufuliwa na linaanguka kuliko nguo yoyote niliyomshonea mtu kwa pesa, na sidhani ningelitoa.

Na sasa kitu ambacho kama fundi nisingekisema. Mpwa wangu alinunua dera la frisaizi, la rundo, polista tupu. Akalivaa uwanjani Makadara siku ya Idi, akapita mbele yangu, na Wallahi lilikaa. Halikukaba, halikukusanyika kwapani, pindo lilikuwa sawa pande zote. Jioni nikamvua, nikaligeuza ndani nje, nikapima. Shingo ilichimbwa sawa mbele na nyuma, kosa lile lile. Mabega hayana mteremko. Kwa kila ninachokijua, dera lile lilipaswa kumtesa. Akanitazama nikiwa na tepu, akasema, "Shangazi, ni nguo tu." Bado nalifikiria. Pengine ni jinsi anavyosimama, kifua mbele kama jogoo. Sijui.

Basi oda za Disemba hufunga tarehe 20, za Idi siku kumi kabla. Baada ya hapo nakata mapindo peke yake.

Yule dada wa bara nilimpokea japo tarehe ilishapita, kwa sababu nina roho dhaifu na kodi ya kibanda hainisubiri. Madera mawili nilimtengeneza: urefu ulizidi, nikaukata, na kile kilichokatwa nikakitia ukanda shingoni kwa nyuma kuziba alipochimba yule mwenye haraka. Nikashona mteremko begani. La tatu lilitoa kidonge kwenye kiberiti, nikamwambia akalilalie. Akasimama mbele ya kioo, akainua mikono, akaishusha, akageuka. Halikuteleza. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Na kiuno je?"

Nikavua leso niliyojifunga, nikamzungushia, nikaikaza fundo ubavuni. "Kiuno hicho."

Alicheka, akalipa, akaburura begi lake hadi kwenye tuktuk. Doti yangu sasa imebaki na leso moja.