Migahawa ya "Kihindi" ya London: Inayosemwa na Ilivyo

Watu wengi huamini kwamba migahawa ya Kihindi ya London ni ya watu waliotoka India. Ingia mmojawapo pale Brick Lane, mtaa wa mashariki mwa London, umuulize mhudumu kwao wapi: huenda akakujibu Sylhet, Bangladesh. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya migahawa hiyo imekuwa mikononi mwa watu wa mkoa huo. Wazee wao walifika wakiwa mabaharia, wakichochea makaa ya mawe katika meli za Waingereza. Baadhi waliteremka bandarini wasirudi melini, wakaosha vyombo kwenye majiko ya watu, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakanunua vibanda vya chakula. Waliendelea kuuza samaki na chipsi, mchuzi wakauongeza polepole, na walifungua mpaka usiku wa manane kuwapokea waliotoka baa. Inaniuma kuona jasho lao likiandikwa jina la wengine.

Wapo pia wanaodhani mapishi haya ni mageni London. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India, alifungua mgahawa wa Kihindi ulioitwa Hindoostane Coffee House karibu na Portman Square mwaka 1810, kama nusu karne kabla ya maduka ya kwanza ya samaki na chipsi kujulikana. Biashara ilimwelemea, akafilisika 1812.

Je, ndivyo wanavyopika majumbani kwao? Hapana. Asubuhi jikoni huchemshwa sufuria kubwa la vitunguu pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na binzari, kisha vyote husagwa vikawa rojo laini. Jioni oda ikiingia, mpishi hukaanga viungo kwenye kikaango chenye moto mkali, anateka upawa wa rojo lile, anatia nyama iliyokwisha kuiva, na baada ya dakika chache sahani iko mezani. Akiongeza krimu na nazi, ni korma. Akizidisha pilipili, ni madras. Huo ni ufundi halali uliozaliwa Uingereza, na haustahili kubezwa kuwa chakula bandia. Hata vindaloo, mchuzi mkali wa migahawa hiyo, asili yake ni Wareno, kupitia Goa, koloni lao la zamani huko India.

Dhana inayotugusa sisi zaidi ni kwamba Afrika Mashariki haimo katika habari hii. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Wa Kenya walikuwa wameanza kuhamia huko miaka michache kabla. Mgahawa wa Brilliant wa Southall, magharibi mwa London, uliofunguliwa 1975, ni wa familia iliyokuwa na biashara ya chakula Nairobi. Na kule Ealing Road, Wembley, wauzaji wa Kigujarati wanao muhogo wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu, uliopikwa kama wa kwetu. Kwenye orodha yao utafute kwa jina la mogo.