Spishi mpya haigunduliwi mchangani

Habari ya mbawakavu mpya wa jangwani ikisambaa, wengi hapa Lubumbashi hudhani mtafiti aliinama mchangani, akaokota mdudu asiyewahi kuonwa na mtu, akampa jina jioni hiyohiyo. Sivyo. Wenyeji wa jangwa huenda wanamjua tangu zamani, na kielelezo chake, yaani mdudu mwenyewe aliyekaushwa, huenda kimekaa makumbusho miaka mingi, kimechomwa pini, na chini yake kikaratasi chenye mahali na tarehe.

Ugunduzi hufanyika mezani. Kwa hadubini, mtaalamu huhesabu pingili za vipapasio, hukagua mifereji ya mabawa magumu ya juu, kisha hufungua tumbo la dume na kutoa kiungo cha uzazi. Mbawakavu wanaofanana kama mapacha mara nyingi hutofautiana hapo tu. Halafu mtaalamu humlinganisha mdudu wake na jamaa zake, na si kazi ndogo: mbawakavu wenye majina tayari ni takriban 400,000. Mwisho huteua kielelezo kimoja kiwe shahidi wa jina, na kuchapisha maelezo. Lisipochapishwa, jina halihesabiki.

Kinachoniuma ni hiki: vielelezo vingi vya wadudu wa Kongo viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kijana wa Katanga anayetaka kuthibitisha kwamba mdudu wake ni mpya hulazimika kuomba picha au kuhangaikia visa. Picha zinasaidia, ila haziwezi kuonyesha kiungo ambacho bado kimo ndani ya tumbo.