Dola 3,500 kwa mwezi kwa mwenye kadi ya Open Water: vile nilivyoisoma hiyo ofa

Juzi usiku kijana mmoja wa hapa Malindi, niliyemfundisha kuzama mimi mwenyewe, kanitumia meseji ya WhatsApp, ile ishapita kwa watu wengi mpaka ina mishale miwili. Inasema wanatafutwa madaiva 12 wa kwenda nchi moja ya Ghuba, kadi ya Open Water, ile ya kwanza kabisa ya kuzama, inatosha, uzoefu si lazima, kazi ni kusafisha na kukagua meli chini ya maji, mshahara dola 3,500 kwa mwezi, chumba na chakula juu ya kampuni, kuzama mara 4 au 5 kwa siku mpaka mita 30. Halafu huko chini kabisa, shilingi 28,000 za medikali na viza zitumwe kwa namba ya M-Pesa kabla ya Ijumaa. Chini yake kaniandikia, "Mwalimu, hii waionaje?"

Nikamwambia asitume hata shilingi moja mpaka tuonane. Asubuhi tukakaa pale jeti tukaisoma neno kwa neno, na nayaandika haya kwa sababu najua hiyo meseji haikufika kwake peke yake.

Kwanza nilimwonyesha mwezi. Hizi ofa haziji Januari, Januari ni kaskazi, bahari imelala, maji meupe, wageni wapo na kila mtu anapanda boti. Zinakuja saa hizi za kusi, bahari imechafuka, maboti yamevutwa juu, madaiva wanakaa miezi bila mteja na madeni ya dukani yanapanda. Aliyeandika ile meseji anajua njaa ya daiva inaanza lini.

Sasa tuje kwa kadi manake hapa ndipo penyewe. Open Water ni kadi ya starehe. Inasema wewe umefundishwa kushuka na mwenzako mpaka mita 18, mkaangalie samaki na matumbawe, mkipanda mpande polepole. Ukiongeza Advanced, kozi inayofuata, unafika 30, na mwisho kabisa wa kuzama kwa starehe ni mita 40. Hakuna siku hata moja kwenye hiyo kozi umefundishwa kushika brashi ya mashine chini ya tumbo la meli, giza, mkondo unakuvuta, huku unalipwa kwa saa. Hiyo ni fani nyingine kabisa, ina shule yake, na daiva wa kazi anashuka na helmeti, hewa inatoka juu kwa mpira, anaongea na supavaiza kwa waya, kuna mtu juu kazi yake ni kuushika ule mpira tu, na kuna daiva mwingine ashavaa tayari amekaa kusubiri, asifanye lolote ila kushuka kukuokoa. Hesabu hao watu wote, ni pesa. Kwa hivo kampuni inayomwacha daiva wa kazi na kumtafuta mwenye kadi ya starehe inataka kuzikwepa hizo pesa, na inakutaka wewe kwa sababu hutajua cha kuuliza. Haya ndiyo nilitaka ayashike kuliko yote, mengine yote ni kuyathibitisha tu.

Nikachukua karatasi. Mtungi wa kawaida ni lita 12, ukijazwa mpaka bar 200, hicho ndicho kipimo cha presha, una kama lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia juu anavuta kama lita 20 kwa dakika. Mita 30 presha ni mara 4 ya ile ya juu, kwa hivo ni lita 80. Lakini wewe hutatulia, utakuwa unakwangua magamba, na mtu anayefanya kazi anaweza kuvuta mara mbili, hiyo ni lita 160 kwa dakika. Toa bar 50 za akiba, zimebaki lita 1,800, gawanya, ni dakika 11 na kidogo. Nani anaweza kusafisha meli kwa dakika 11? Na ile jedwali ya PADI, shirika linalotoa hizi kadi, tuliyosoma darasani inakupa dakika 20 tu za kukaa mita 30, hiyo ni ya kwanza ya siku, ya pili inapungua, ya tatu inapungua zaidi, kwa sababu naitrojeni ya asubuhi, ile gesi ya hewa inayojazana mwilini ukiwa chini, bado haijatoka. Mara 5 kwa siku kwa kina hicho, kila siku, mwili hauna pa kuitolea.

Nilimuuliza pia, meli gani inaenda chini mita 30? Hata zile kubwa zinazoingia Mombasa tumbo lake haliendi huko. Akanyamaza. Ama aliyeandika hajui kazi anayoitangaza, ama kazi yenyewe si ya meli, na nshaona watu wameitwa kwa kazi ya meli wakafika wakapewa gunia la kuokotea majongoo bahari.

Na tuseme ni meli kweli. Chini ya meli kuna mdomo wa kuvutia maji ya kupoza injini. Pampu ikiwa inafanya kazi nawe umepita karibu, chukua wavu wa sentimita 30 kwa 30 tu, tofauti ya presha ikiwa sawa na mita 3 za maji, inakubana kwa nguvu ya kama kilo 270. Hakuna mwenzako wa kukuvuta hapo. Ndo maana kwenye kazi ya halali kabla daiva hajaingia majini injini, propela na pampu zinafungwa, zinatiwa kufuli na kibao, na supavaiza anasaini. Kwenye ile meseji hakuna neno supavaiza popote.

Mimi mwenyewe iliwahi kunipata. Miaka mingi nyuma, kusi kama hii, tajiri mmoja alituita watatu tukafungue nanga na minyororo iliyonasa, mita 28, pesa mkononi jioni. Tulishuka mara 4. Ya nne nilipanda haraka kwa sababu hewa ilikuwa imekwisha, nikafika juu mzima, nikala, nikacheka na wenzangu, baada ya saa moja bega la kushoto likaanza kuuma ndani kwa ndani kama jino. Kwenye boti hakukuwa na oksijeni. Nikaambiwa nipakwe mafuta, nikapakwa, nikalala nayo. Kesho yake vidole vina ganzi. Chemba ya presha, chumba cha kumtibia daiva aliyepanda haraka, hatuna hapa Malindi, ilibidi niende Mombasa, zaidi ya kilomita 100, na yule tajiri simu hakushika tena. Bima yangu ilikuwa ya kuzama kwa starehe, nikaambiwa wazi kwamba ulikuwa kazini, hii haikuhusu. Mke wangu ndiye aliyeuza vitu vyake. Bega hilo mpaka leo baridi likiingia lanijulisha.

Kuhusu ejenti sitakaa sana, haya mengi mnayajua. Ejenti wa kupeleka watu nje lazima awe amesajiliwa na National Employment Authority, na jina lake linatafutika kwa tovuti yao, dakika 5. Jina la kwenye meseji tulitafuta halipo. Viza yenyewe ukiuliza unaambiwa utaenda na ya kutembea, ya kazi utabadilishiwa huko, na huko ukifika paspoti inachukuliwa, sasa utamshtaki nani na wewe kwa karatasi ni mtalii?

Tukaandika maswali manne pale pale tukayatuma. Supavaiza ni nani na ana cheti gani. Daiva wa akiba ni nani. Chemba ya karibu iko wapi na bima ya kazi ni ya kampuni gani. Mdomo wa kompresa ya hewa, mashine inayojaza mitungi, uko mbali kiasi gani na moshi wa injini, manake moshi ukiingia mtungini huko chini sumu yake inazidi kwa presha.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili: "Kaka kila mtu atakuwa na badi wake, usijali. Nafasi zimebaki 3, tuma leo." Badi, yaani mwenzako wa kuzama naye, ni neno la starehe. Yule hajawahi kusimama kwenye kazi ya kuzama hata siku moja.

Kijana hakutuma. Lakini aliumia, sitaki kusema hakuumia, alikuwa ashamwambia mamake, na paspoti alikopea. Paspoti ni ya miaka 10 haiendi popote. Tumekubaliana huu msimu wa kusi amalize Rescue, kozi ya uokoaji, kwangu, atalipa kidogo kidogo kaskazi ikiingia, halafu aanze Divemaster, na hiyo ndiyo kadi ya kwanza inayomruhusu kulipwa kwa kuongoza wageni. Akitaka kazi ya meli kweli, basi ni shule ya madaiva wa kazi, ni ghali, ni nje, na nimemwambia nitamsaidia kuitafuta.

Kama nawe umepata meseji ya madaiva 12 na shilingi 28,000, nitumie namba iliyoko kwa yako kabla hujalipa, nataka kujua kama ni ile ile.