Msanii "kwenda kibiashara": maana yake, na kesi ya David Bowie ya mwaka 1983

Kuuza sana si kosa kwa shabiki yeyote wa muziki. ABBA, kundi la popu la Sweden, waliuza mamilioni ya santuri na mashabiki wao hawakuwaambia wamekwenda kibiashara, kwa sababu hawakuwahi kuahidi kitu kingine. Lawama hii humpata msanii ambaye mashabiki wake wanaamini alikuwa na msimamo: muziki wake ulikuwa mgumu kidogo, wasikilizaji wake walijiona wachache wenye masikio, halafu siku moja anatoa albamu laini ya kuchezeka, redio zinaipiga kutwa, na watu ambao jana hawakumjua leo wanaimba viitikio vyake. Hapo ndipo utasikia kwamba "amelainika", au "ameuza".

Kwa hiyo dhana hii haiupimi muziki peke yake. Inapima makubaliano yasiyoandikwa kati ya msanii na mashabiki wake wa mwanzo. Wapenzi wa hip hop ya Bongo wanaujua ugomvi huu vizuri: rapa akianza kuimba mapenzi, anaitwa mbana pua hata kama wimbo ni mzuri.

Ni ugomvi wa zamani. Mwaka 1965 Bob Dylan alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani, akiwa na gitaa la umeme na bendi, na sehemu ya umati ikamzomea. Kwao, gitaa kavu lilikuwa ukweli na roki ilikuwa biashara. Miaka michache baadaye roki yenyewe ikavaa joho la ukweli, na mashabiki wake wakaanza kuwashutumu wengine: popu ni biashara, disko ni takataka. Kampuni zilizokuwa zikitoa roki hiyo ya "kweli" na popu hiyo ya "uongo" mara nyingi zilikuwa zilezile, lakini hilo halikuzungumzwa sana.

Kesi inayobishaniwa hadi leo ni ya Let's Dance, albamu ya mwanamuziki wa roki wa Uingereza David Bowie iliyotoka Aprili 1983. Iliuza zaidi ya nakala milioni 10, ikashika namba moja Uingereza, na wimbo uliobeba jina lake ukaongoza chati za Uingereza na Marekani. Hakuna albamu nyingine aliyoitoa akiwa hai iliyouza kiasi hicho.

Wanaomlaumu wana hoja. Huyu ndiye mtu aliyetoa Low na "Heroes" mwaka 1977, albamu ambazo sehemu kubwa ya upande wa pili ni vipande vyenye uimbaji kidogo au visivyo nao kabisa. Mwaka 1980 alitoa Scary Monsters, kali na yenye wasiwasi mwingi. Kisha anarudi na nywele za manjano, suti za rangi nyepesi na ngoma za disko. Kwenye albamu nzima hakupiga ala hata moja, aliimba tu. Kati ya nyimbo nane, tatu hazikuwa mpya: "China Girl" aliiandika na mwanamuziki mwenzake wa roki Iggy Pop, ambaye aliitoa mwaka 1977, "Cat People" ilikuwa wimbo wa filamu ya mwaka uliotangulia, na "Criminal World" ilikuwa ya bendi ya Metro. Ukiondoa nyimbo tatu za mwanzo zinazofuatana kwa nguvu, sehemu iliyobaki kwa kweli ni nyembamba.

Na nia haikufichwa. Bowie alikuwa ameachana na kampuni yake ya zamani, RCA, na kusaini mkataba mnono na EMI. Prodyuza Nile Rodgers wa kundi la disko la Chic amesimulia mara nyingi kwamba alifika akidhani watatengeneza kitu cha kisanii cha ajabu, akaambiwa kinachotakiwa ni nyimbo zitakazobamba. Bowie alimpigia wimbo wa "Let's Dance" kwa gitaa la nyuzi 12, ukasikika kama wimbo wa kijijini. Rodgers ndiye aliyeupa mapigo na besi tunayoijua. Kazi yote studio, New York, ilimalizika katika wiki chache tu.

Basi ameuza? Hapa wengi huishia kwenye nia, kana kwamba ukishathibitisha mtu alitaka pesa umeshamaliza kesi. Mimi naona nia inasema kidogo sana. Angalia kwanza nani alikuwa upande wa pili wa meza. Mwaka 1979, kwenye uwanja wa besiboli huko Chicago, santuri za disko zililipuliwa mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakishangilia. Baada ya mwaka huo Chic, kundi la Wamarekani weusi lililokuwa likiongoza chati, halikupata tena wimbo mkubwa. Shabiki wa roki aliyesema Bowie amejishusha kwa kufanya kazi na mtu wa disko alikuwa anasema mengi zaidi kuhusu disko, na kuhusu watu walioitengeneza, kuliko alivyosema kuhusu Bowie. Mwaka huohuo wa 1983 Bowie alihojiwa na MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani, akamgeuzia mtangazaji swali: mbona wasanii weusi ni wachache hivi kwenye kituo chenu? Na video ya "Let's Dance" ilipigwa Australia, ikionyesha vijana wawili wa wenyeji wa asili na maisha yao chini ya wazungu. Video hiyo ikaenda kila mahali wimbo ulikokwenda.

Halafu kuna gitaa. Solo za albamu hii zimepigwa na Stevie Ray Vaughan, kijana wa bluzi kutoka Texas ambaye hakuwa ametoa albamu yake ya kwanza. Bowie alimsikia kwenye tamasha la Montreux, Uswisi, mwaka 1982, kwenye onyesho ambalo baadhi ya watu walimzomea. Mtu anayetafuta usalama wa soko hachukui mpiga bluzi aliyezomewa na kumweka juu ya mapigo ya Chic.

Kwa hiyo kipimo changu ni kingine: tazama msanii anafanya nini baada ya mauzo. Ziara ya mwaka 1983 ilimletea Bowie umati ambao hakuwa na mazoea nao, na baadaye alikiri kwamba mafanikio hayo yalimweka kwenye kona. Alianza kukisia wale watu wapya wanataka nini. Tonight ya mwaka 1984 ina nyimbo mbili tu mpya alizoziandika peke yake. Nyingine ni za watu wengine, au za kushirikiana, na kadhaa kati yake Iggy Pop alikuwa ameshazitoa. Never Let Me Down ya mwaka 1987 yeye mwenyewe aliikosoa vikali. Lawama ya kwenda kibiashara inashika kwenye hizi mbili, ingawa hakuna iliyokaribia kuuza kama Let's Dance.

Mwaka 1988 akaunda bendi ya Tin Machine, magitaa ya kelele, akawa mmoja tu kati ya wanne. Ndicho walichokuwa wakikidai waliomlaumu, na wengi wao wakailalamikia nayo. Iggy Pop hajawahi kuwa na sababu ya kulalamika: malipo ya uandishi wa "China Girl" yalimfikia wakati hali yake ya fedha ilikuwa mbaya sana.