Ukubwa wa Jeshi: Dhana Potofu Kuhusu Vita vya Tanga na Ukweli Wake

Sisi tuliokulia Tanga tumeisikia hadithi ya nyuki tangu utotoni: kwamba mwezi Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishuka Ras Kasone na jeshi kubwa ili kuuteka mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, nyuki wakawatokea, nao wakakimbilia baharini. Nyuki walikuwapo kweli, lakini waliwauma watu wa pande zote mbili. Kilichowawezesha watu wapatao 1,000 wa jeshi la Wajerumani kuwarudisha melini watu wapatao 8,000 wa Waingereza kimo zaidi katika namna majeshi hayo yalivyopangwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba jeshi lenye watu wengi ndilo lenye nguvu. Jeshi la Waingereza, lililotoka India, lilikusanywa kwa haraka, vikosi vyake havikuwa vimezoeana, na askari wake walishuka wakiwa wamedhoofishwa na safari ndefu ya bahari. Upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na kombania ndogo, ambazo kwa kawaida zilikuwa na askari kati ya 160 na 200, bunduki zake za rashasha, ambazo askari waliziita bombomu, na wapagazi wake wenyewe, hivyo kila moja iliweza kutembea, kula na kupigana bila kuingoja nyingine. Zililetwa kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi kundi baada ya kundi, na reli iliyojengwa kwa ajili ya mashamba ikaziba pengo la askari ambao hakuwa nao. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow mwenyewe alipita kwa baiskeli katika mji uliohamwa, akaelekea Ras Kasone, akaziona meli za adui zikiwaka taa; asubuhi alijua mahali pa kuiweka kila kombania.

Wako pia wanaodhani kuwa mpango ulioleta ushindi hauguswi. Mwezi Januari 1915 Wajerumani walishinda tena huko Jasin, kaskazini mwa Tanga, lakini walitumia risasi zipatazo 200,000 ambazo hazikuwa na namna ya kurudishwa, kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa na meli za Uingereza. Baada ya hapo Lettow aliacha mapigano makubwa, akatuma vikundi vidogo kwenda kuvunja reli ya Waingereza.

Dhana nyingine, ambayo naiona kuwa ya hatari zaidi, ni kwamba kupunguza askari ni dalili ya kushindwa. Mwanzoni mwa 1916 jeshi la Wajerumani lilikuwa na watu wapatao 14,000. Mwezi Novemba 1917, karibu na mto Ruvuma, Lettow aliwaacha nyuma wagonjwa na hata baadhi ya wazima, akavuka kuingia Msumbiji na Wazungu wapatao 300 na askari wapatao 1,700, kwa sababu chakula, risasi na kwinini, dawa ya malaria ambayo awali ilitengenezwa Amani katika milima ya Usambara, visingewatosha wote. Kundi hilo dogo lilipigana mwaka mzima zaidi, likasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Hata hivyo si kila upunguzaji ni wa busara: mwaka 1911 Waingereza walivunja kikosi kizima cha KAR (King's African Rifles, jeshi lao la askari wa Kiafrika) ili kubana matumizi, na baadhi ya askari walioachishwa wakajiunga na Wajerumani. Vita vilipokwisha, KAR ilikuwa imekua kutoka vikosi 3 hadi 22.

Mwisho, jeshi huhesabiwa kwa wenye bunduki peke yao, na hilo ni kosa linalowadhulumu wengi. Mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu, mizigo ikabebwa vichwani, na kwa kuwa mpagazi naye hula, kila hatua ya safari iliyorefuka ilidai wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wale wa kwanza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi mahali hapo.