Mkanda wa jeshi "ukikutana" hauui

Ujumbe huu unarudi kila mara kwenye magrupu ya familia: mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa malengelenge yenye maumivu yanayojipanga kama mkanda mwilini, ukizunguka kiuno na ncha zake zikakutana, mgonjwa hufa, kwa hiyo wahini kwa mganga.

Si kweli. Virusi vyake ni vilevile vya tetekuwanga. Ukishapona tetekuwanga, haviondoki mwilini; hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, pengine kwa miaka mingi. Kinga ikipungua, kwa uzee au maradhi, huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Neva hiyo huhudumia upande mmoja tu, kulia au kushoto. Ndiyo maana malengelenge kwa kawaida huishia katikati ya kifua na kwenye uti wa mgongo. Mtazame mgonjwa utaona. Mara chache sana hutokea pande zote mbili, na hata hapo kukutana siko kunakoua.

Hofu inaeleweka. Maumivu ni makali, na wengi waliwaona wagonjwa wa UKIMWI wakiupata kisha wakafariki. Kilichowaua hakikuwa mkanda. Kupima VVU ni ushauri mzuri, ila mkanda peke yake si uthibitisho.

Kinachonisikitisha ni muda unaopotea kwa kupaka majivu. Dawa za virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Ukitokea karibu na jicho, nenda hospitali leo hii. Tafadhali, ujumbe ule usiusambaze tena.