Kabla ya kuomba rejista irekebishwe, kagua nasaba yako

Maombi ya kurekebisha majina na tarehe kwenye rejista za vizazi, ndoa na vifo yanazidi kuongezeka. Mengi yanatufikia yakiwa na kiambatisho kimoja tu: mti wa ukoo uliochapishwa kutoka mtandaoni. Mti huo si ushahidi. Ni dai, na sisi watunza nyaraka tunalazimika kuuliza limetoka wapi.

Jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba tarehe hiyo imo kwenye miti mingi. Tafadhali tuelewane hapa: miti arobaini iliyonakiliana ni shahidi mmoja. Faili moja la GEDCOM, yaani muundo wa faili unaotumika kubadilishana data za nasaba, huhamisha ukoo mzima kutoka programu moja hadi nyingine, na kosa likahama nao. Gustave Anjou, aliyefariki mwaka 1942, aliwauzia familia tajiri za Marekani nasaba za kughushi, na kazi zake zimeendelea kuwapotosha watafiti muda mrefu baada ya kifo chake.

Uliza nani alitoa taarifa, lini, na alijuaje. Chukua cheti cha kifo. Siku ya kufariki kwa kawaida hutajwa na mtu wa karibu na tukio. Tarehe ya kuzaliwa ya marehemu hutajwa na mtoto wake au jirani, ambaye siku hiyo hakuwepo. Cheti hichohicho ni imara kwa kifo na dhaifu kwa uzazi. Masimulizi ya wazee nayo yana thamani kubwa, ila yaandikwe pamoja na jina la msimulizi, uhusiano wake na mhusika, na siku aliposimulia.

Halafu kuna kanuni za uandishi za wakati husika. Katika sensa ya Uingereza ya mwaka 1841, makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo mtu wa miaka 39 aliweza kuandikwa 35. Huko England, hadi mwaka 1751, mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta wazazi wamefunga ndoa Mei 1720 na mtoto wao kabatizwa Februari 1720, mtoto hakuwatangulia. Kwa hesabu yetu ya sasa alibatizwa Februari 1721. Karani hakukosea, na hakuna cha kurekebisha.

Kipimo cha DNA husaidia, lakini hakitaji jina la mtu. Mtu unayeshiriki naye karibu robo ya DNA anaweza kuwa babu, shangazi, au ndugu mliyechangia mzazi mmoja. Nyaraka ndizo zinazoamua ni yupi.

Ukiisharidhika kwamba rejista ina kosa, anza kwa kuomba nakala iliyothibitishwa ya ingizo lenyewe, si ya faharasa wala ya muhtasari. Andika ombi ukitaja namba ya ingizo, neno linalolalamikiwa na neno unalotaka liwekwe. Ambatisha angalau nyaraka mbili zilizoandikwa karibu na tukio na zisizotokana na chanzo kimoja, pamoja na hati ya kiapo. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini suala la nani ni mzazi wa nani kwa kawaida huhitaji amri ya mahakama. Hata ombi likikubaliwa, maandishi ya awali hayafutwi. Marekebisho huandikwa pembeni, yakiwa na tarehe na saini ya msajili. Wanaotutaka "tufute tu" wanatuomba tuvunje sheria.

Kuapa uongo, kughushi cheti, kukwangua wino au kunyofoa ukurasa ni makosa ya jinai katika nchi nyingi, na adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Marekebisho yaliyopatikana kwa udanganyifu yanaweza kubatilishwa, na mgao wa mirathi uliotegemea marekebisho hayo ukafunguliwa upya. Aliyekosea kwa nia njema hana sababu ya kuogopa kuja kwetu.

Nyaraka zikipingana na hakuna iliyo na nguvu zaidi, andika tarehe zote mbili kwenye mti wako, kila moja na chanzo chake. Ombi lililokataliwa linaweza kuletwa tena pale waraka mpya unapopatikana. Kiambatisho kilekile hakitabadilisha uamuzi.